Mazishi ya Mguu Wangu

Nilijua nakufa siku niliyopewa firigisi.

Nyumbani kwetu Temeke kuku akichinjwa, firigisi ilikuwa ya Baba. Mama hakuila, Bibi hakuila, na mtoto aliyethubutu kuidokoa jikoni alijua kitakachomkuta. Basi mchana ule Mama akaniletea sahani pale kitandani, na juu ya wali imekaa firigisi nzima. Nikamtazama Baba. Baba akatazama mlango. Mdogo wangu Zuhura, ambaye kinywa chake kilikuwa hakitulii, akaacha kutafuna.

"Kula, mwanangu," Mama akasema.

Na sauti hiyo nayo ilikuwa ngeni. Mama yangu alikuwa mgombaji, na sisemi kwa ubaya, ndivyo alivyoumbwa. Akianza kunigombeza uani, majirani wa mtaa wa pili walikuwa wanajua Mwanahawa kafanya nini leo. Sasa ananiita mwanangu kwa sauti ya kumbembelezea mtoto mchanga! Niliitia firigisi kinywani nikaitafuna, lakini kumeza sikuweza.

Leo mimi ni mtu mzima, na mara kwa mara huja mzazi kuniuliza: mtoto wangu amepatwa na ugonjwa kama wako, nifanyeje? Dawa mimi sizijui, aulizwe daktari. Ninachokijua ni mambo ya upande wa pili, upande wa yule aliyelala kitandani akiwasikiliza watu wazima wananong'ona. Hayo ndiyo nitakayoyaeleza, na msomaji akiona nacheka mahali ambapo yeye angelia, anisamehe, maana ndivyo nilivyopona.

Ilikuwa zamani za Mwingereza, na mimi nilikuwa msichana wa darasa la tatu. Ilianza kwenye goti la kushoto, wakati wa kaskazi. Nilikuwa hodari wa kuruka kamba, kwa hiyo goti lilipouma kila mtu alisema nimeanguka, na mimi mwenyewe nikakubali kwamba pengine nimeanguka. Bibi akalikanda kwa mafuta ya nyonyo. Fundi wa viungo akalivuta mpaka nikamtukana, na Mama akanizaba kibao kwa kumtukana mtu mzima. Kile kibao nilikuja kukikumbuka kwa hamu. Nikanywa kombe la aya zilizooshwa kwa maji, nikafukizwa, na goti likazidi kuvimba hadi ngozi ikawa inang'aa. Mvua za kwanza zilipoanza kunyesha nilikuwa siwezi kulikunja.

Baba alikuwa seremala. Alifunga ubao kwenye keria ya baiskeli yake ili mguu wangu upate pa kunyooka, akanisukuma hadi hospitali kubwa ya mjini. Wakati ule kila kundi la watu lilikuwa na tabibu wake: Wazungu kwao, Wahindi kwao, na sisi Waafrika kwetu, na kwetu ndiko kulikokuwa na mabenchi marefu. Mabenchi yale yalikuwa yamelainishwa na makalio ya watu hata mtu ukikaa unateleza. Ukiteleza unamsukuma jirani, jirani naye anamsukuma wake, na yule wa mwisho anaanguka. Mimi na mguu wangu ulionyooka tulichukua nafasi ya watu wawili. Hakuna aliyelalamika. Mama mmoja alinigawia karanga zake, akaniambia nimwombee kwa kuwa dua ya mgonjwa hairudi. Nilimwombea apate karanga nyingine.

Walipiga picha ya goti. Wakakata kipande kidogo cha nyama, wakakipeleka mbali kikaangaliwe, tukaambiwa tungoje. Tulingoja mpaka mashamba yakawa yamepandwa. Siku ya majibu Baba alinibeba mgongoni, kwa kuwa baiskeli ilikuwa haipiti kwenye matope. Daktari, Mzungu mwembamba mwenye masikio mekundu, alisema maneno mengi. Dresa, mfunga vidonda aliyekuwa akimtafsiria, alisema machache, tena kwa sauti ya chini: "Ni kansa. Lazima mguu ukatwe juu ya goti, la sivyo itapanda."

Alinong'ona ili nisisikie. Lakini mimi nilikuwa mgongoni kwa Baba, sikio langu liko karibu na lake, na alichokisikia yeye nilikisikia mimi. Njia nzima ya kurudi Baba hakusema neno, nami sikumuuliza.

Nyumbani kukaingia ukimya. Majirani wakaacha kupiga santuri. Wanawake walikuja wakaketi kwenye mkeka, wakanitazama, wakatazamana, wakaondoka wakivuta kanga usoni. Ukweli aliambiwa kila mtu isipokuwa mimi, na walionificha ndio waliokuwa wakilia mbele yangu. Ndipo ikaja firigisi, ikaja na ile sauti laini, nami nikaanza kuunganisha mambo.

Lililonimaliza ni la Babu. Babu, mzazi wa Baba, alikuwa mume wangu. Kila mwenye babu anaujua utani huu: tangu nijue kusimama alikuwa ananiita mke wangu, na Bibi ananiita mke mwenza, na asubuhi tunagombana nani atampelekea mume chai. Ikiwa imekolea sukari, Babu anasema hii ya mke mdogo. Ikiwa haikukolea, anasema mke mkubwa kazeeka, macho hayaoni kopo la sukari. Bibi anatukana, mimi naringa, na siku inaanza.

Baada ya majibu ya hospitali, Babu aliingia chumbani, akaketi ukingoni mwa kitanda, akasema, "Hujambo, mjukuu wangu?"

Mjukuu! Nilimtazama kuona kama anatania. Macho yalikuwa mekundu, na mkono wa kanzu ulikuwa umelowa. Kesho yake tena, mjukuu wangu. Bibi naye akaacha ugomvi, akawa ananitandikia kitanda kwa mikono yake, mke mwenza anamtandikia mke mwenza! Nikaona nimeachwa, tena bila kupewa talaka. Watu wameanza kunizika ningali natazama. Basi nikaacha kula. Maumivu yalikuwepo, lakini siyo yaliyonizuia. Nilijisemea, mtu aliyekwisha kuagwa atakula ili aende wapi?

Nililazwa katikati ya masika, katika wodi ya watoto yenye mablanketi mekundu na harufu ya dawa ya kusafishia sakafu. Daktari alinibonyeza mbavu, akakunja uso. Dresa akamweleza Mama kwamba damu ni chache na mwili umekwisha nguvu. Nisipokula hawathubutu kunikata, na uvimbe hautangoja. Mama akawa anashika bakuli la uji tangu asubuhi. Nesi akaleta maziwa. Mimi nikafunga kinywa, nikageukia ukuta. Mama alinibembeleza, akanisihi kwa jina la Mtume, akalia. Kadiri alivyozidi kunisihi ndivyo nilivyozidi kuamini kwamba mambo yamekwisha, kwa sababu Mama wa zamani angeniziba pua akanimiminia.

Katika kitanda cha jirani alikuwa amelazwa msichana anayeitwa Nyamizi, aliyeanguka kwenye mkorosho akavunjika paja. Mguu wake ulikuwa umening'inizwa juu kwa kamba na mfuko wa mchanga. Aliyekuwa akimuuguza ni bibi yake, Bi Kalunde, mama mnene wa Kinyamwezi aliyekuja pwani na mumewe tangu usichana na kukaa Kinondoni. Siku ya kwanza alitutazama tu. Siku ya pili alishindwa kuvumilia.

"Jamani, huyu mtoto kabila gani?" akauliza kwa sauti ya kusikika wodi nzima.

"Mzaramo," Mama akajibu. "Mgonjwa, dada yangu. Hataki kusumbuliwa."

"Mzaramo! Ndiyo maana nasikia harufu ya nazi tangu jana. Mie Mnyamwezi. Nimekaa na watani zangu siku mbili, hata salamu sijapewa!"

Mama akaendelea kukoroga uji. Mtani huwezi kumfukuza, wala kumkasirikia. Akikuvua kilemba mbele ya watu, unacheka. Ukikasirika aibu inakurudia mwenyewe. Mnyamwezi na Mzaramo walianza kutaniana tangu zamani za misafara ya pembe, na hata mimi nilikuwa nalijua hilo.

Bi Kalunde akavuta kigoda, akaketi karibu na kichwa changu. "Mtani, nasikia mguu wako unakatwa."

Kijiko cha Mama kikagonga bakuli. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kulitamka jambo hilo mbele yangu. Nikageuka kutoka ukutani, nikamtazama huyu mtu.

"Sasa nataka kujua, nani anauzika?" akaendelea. "Maana Mzaramo hazikwi bila mtani wake. Nataka kuku wangu. Nisipopewa kuku, mguu hauingii shimoni, nitaingia humo mie mwenyewe nikae."

"Dada!" Mama akasema.

Lakini mimi tayari nilikuwa nahesabu. "Kuku mzima kwa mguu mmoja?" nikauliza. Sauti ilitoka kavu, maana nilikuwa sijasema kwa muda mrefu.

"Haya, hesabu mnaijua. Nipeni paja la kuku. Paja kwa paja."

Nilicheka. Halikuwa cheko kubwa, ni pumzi tu iliyopita puani, lakini nesi aliyekuwa mwisho wa wodi aligeuka. Na kicheko kilipofungua mlango, likatoka lile swali lililokuwa limenikaa kifuani tangu siku ya firigisi. "Na mie je? Mie mtanizika lini?"

Bi Kalunde aliacha utani hapohapo. Aliuweka kando kama mtu anavyoweka mzigo chini, akanishika kidevu. "Sikiliza, mwanangu. Daktari kasema anakata mguu. Hakusema anakukata wewe. Kuna wanaokatwa wakapona, na kuna wasiopona, mie siyo Mungu. Ila asiyekula hafiki hata kwenye kisu. Umesikia?"

"Kweli, Mama?" nikauliza.

Mama akaitikia kwa kichwa, na machozi yakamwangukia kwenye bakuli. Nikanyoosha mkono, nikalichukua lile bakuli, nikanywa uji, na chumvi ya machozi ya Mama haikuuharibu.

Hapa nasimama kidogo niseme na wewe uliye na mtoto mgonjwa. Unadhani hajui. Anajua. Mtoto haambiwi na midomo yako, anaambiwa na sahani unayompa na sauti unayomwitia. Ukimnyima ukweli atajitungia wake, na wa kwake utakuwa mbaya kuliko wako. Mwambie kwa maneno madogo, mtu mmoja anayempenda, kisha mwache aulize. Na ukiweza, mtafutie mtu wa kumchekesha. Nimeona wengi wanatafuta damu na maziwa, kicheko hawakitafuti.

Nikawa nakula. Bi Kalunde alisimamia kazi hiyo mwenyewe. Nisipomaliza ugali alikuwa anatangaza kwamba Wazaramo wanajua kucheza ngoma tu, kula hawajui, nami namaliza kwa hasira nikimjibu kwamba Wanyamwezi walikuja pwani na mizigo kichwani wakasahau njia ya kurudi. Nyamizi anapiga makofi na mguu wake juu kwenye kamba. Daktari alinibonyeza mbavu tena, safari hii masikio yake yakasogea, na dresa akasema kwamba hiyo ndiyo furaha yake.

Asubuhi ya kukatwa niliwekewa kitambaa puani, harufu yake tamu ya kuchefua, kisha sikujua kitu. Nilipozinduka niliona blanketi jekundu: upande mmoja limeinuka mpaka chini, upande mwingine limeishia katikati. Nikaingiza mkono polepole. Bendeji, bendeji, kisha godoro. Sitadanganya, nililia sana. Niliulilia ule mguu kama ndugu, maana nilikuwa nimeruka nao kamba. Bi Kalunde hakutania siku ile. Alikaa tu, akanipepea kwa ukili wa mkeka aliokuwa akiusuka.

Lakini kidole gumba cha mguu ambao haupo kilianza kuwasha. Kinawasha kweli, na hakipo! Nilipomwambia Nyamizi akafikiri, kisha akasema, "Jikune kile cha mguu mwingine, labda watasikilizana." Nikajikuna. Wallahi kiliacha.

Kesho yake Baba alikabidhiwa mguu, umefungwa kwenye kitambaa cheupe, aupeleke makaburini kwetu Temeke. Mwalimu wa madrasa alikuwa ameshasema kwamba kiungo hakiswaliwi, kinafunikwa na kuzikwa kwa heshima, basi. Tulidhani watakwenda Baba na Babu peke yao. Kumbe asubuhi hiyo Bi Kalunde alimwacha Nyamizi mikononi mwa Mama, akapanda gari la mizigo lililokuwa linaelekea huko, akafika makaburini na mvua.

Nilielezwa yote kesho yake, saa ya kutazama wagonjwa. Babu na Bibi walikuja na Baba, Babu akaketi, akapeleka mkono wa kanzu machoni kama alivyozoea. Kabla hajasema mjukuu wangu, Bi Kalunde akasimama katikati ya vitanda.

"Mtani, ulizikwa vizuri!" akasema. "Shimo lenyewe dogo, nikataka kuingia kama nilivyoapa, yakaingia makalio tu, nikakwama. Baba yako ananivuta mkono huu, mwalimu wa madrasa anajikohoza asicheke. Nikasema sitoki mpaka nipate kuku. Nimepewa kuku, tena tetea, na kofia ya huyu mzee juu yake." Akaichomoa kofia ya Babu kwenye kanga, akaivaa. "Na mzee mwenyewe alivyolia! Kakaa pembeni kama yuko edani. Nikamuuliza, mzee wangu, kwani marehemu alikuwa nani wako?"

Wodi nzima ikamgeukia Babu. Babu akajipangusa, akaitazama kofia yake juu ya kichwa cha Mnyamwezi. Nikaona ndevu zinatikisika.

"Marehemu," akasema, "ni robo ya mke wangu."

Mke wangu! Moyo ulinipiga hata kidonda kikauma. "Na robo tatu zilizobaki?" nikauliza.

"Zilizobaki nazitaka nyumbani. Tangu uondoke nanyweshwa chai ya mke mkubwa, sijui chai ile, sijui maji ya kuoshea vikombe."

"Mwulizeni kama kuna siku alibakiza!" Bibi akadakia. "Nami nilishasema nimepumzika, mke mwenza kapungua. Kumbe hata kwa mguu mmoja bado anataka kunipindua!"

Nilicheka mpaka nikashika bendeji kwa mikono miwili. Wodi nzima ilicheka, hata mtoto wa mwisho aliyekuwa haelewi. Baba alicheka akiwa amejifunika uso. Mama peke yake hakucheka. Alisimama, akatoka nje.

Kupitia dirishani nilimsikia akimwambia Babu alipomfuata, "Mnamfanya mwanangu kichekesho. Kapoteza mguu, nyie mnacheka. Hamwogopi Mungu?" Babu akajibu, "Mama Mwanahawa, anakula." Mama akasema hataki kusikia. Ramadhani ikaingia, na mwezi mzima hawakusemezana ila kwa kupitia kwa Baba, futari nyumbani ikawa inaliwa kwa ukimya, na Baba akawa anashinda kwenye banda lake la useremala akipiga randa mbao ambazo hazikuwa na mwenyewe.

Baadaye nilielewa kilichokuwa kinamkaba. Alikuwa amemwomba dresa amwambie ukweli, na dresa alimwambia: ugonjwa huu hupenda kurudi, hasa kifuani, na mwaka wa kwanza na wa pili ndiyo ya kuogopa. Mama alilibeba hilo peke yake. Sisi tulikuwa tunacheka, yeye alikuwa ananisikiliza napumua.

Masika yakaisha, nikarudi nyumbani. Baba alinichongea magongo kwa mninga, akayapaka mafuta yakang'aa, lakini mchanga wa Temeke ukayameza mpaka nusu. Akayavalisha viatu vipana vya mpira wa gari, yakawa yanakwenda. Makwapa yalitoka malengelenge, yakapasuka, yakaota sugu. Kigutu kilikauka, kikawa laini mwishoni, na paja la kulia likakomaa kama la mcheza mpira. Bibi alinishonea magauni marefu, mimi nikayakunja juu ili yasinase kwenye magongo. Watoto wa mtaani waliponikodolea macho, Zuhura aliwaambia kwamba mguu ulichukuliwa na mamba wa Mto Mzinga, na kwamba mamba mwenyewe alikufa kwa ukali wa nyama yangu. Heshima yangu ilipanda.

Bi Kalunde na Nyamizi walitoka hospitali baada yetu, wakawa wanakuja kututembelea. Kila akija anadai kwenda kuzuru kaburi, na kila akirudi kaburini anadai chakula.

Hospitali nayo tuliirudia kila majira yalipogeuka: mwanzo wa kipupwe, vuli, kaskazi, masika tena. Mabenchi ni yaleyale, utelezi uleule. Naingia chumba chenye giza, nabandikwa kifua kwenye kioo cha baridi, naambiwa vuta pumzi, usipumue. Nje Mama ameshika magongo yangu kwa mikono miwili. Kisha tunangoja, na dresa anatoka, anasema, "Safi." Baba anamshukuru Mungu. Babu anasema robo tatu bado ni zake. Mama anasema, "Alhamdulillahi," kwa ile sauti laini, na njiani ananinunulia andazi.

Hiyo sauti haikuondoka. Mwaka mzima na zaidi hakunigombeza hata mara moja. Nilivunja mtungi, akasema bahati mbaya. Nilikataa kwenda madrasa, akasema nipumzike. Firigisi iliendelea kuja, nami nikawa nampenyezea Baba chini ya meza, na Baba anaila akitazama pembeni. Zuhura, aliyekuwa anagombezwa kwa niaba yetu sote wawili, siku moja alipandwa na hasira akasema, "Mie pia nikatwe mguu, nipate maandazi!" Alipigwa. Mimi nilikuwa nyuma yake na ndimi niliyemchochea, lakini mimi nikaulizwa kama nimeshtuka. Babu alikuwa amenirudia, Bibi amenirudia, mtaa umerudisha santuri. Mama alikuwa bado yuko kwenye mkeka wa matanga, ananitazama. Niliweza kucheka na watu wote, lakini kila nikikutana na macho yake niliingiwa na baridi: huenda yeye anajua kitu ambacho sisi hatukijui.

Ikawa vuli ya mwaka wa pili. Tulikuwa tumetoka hospitali wiki iliyotangulia, tumeambiwa safi, tena daktari kasema sasa tusiende mara kwa mara. Siku hiyo walikuwa wanakuja wageni wa Baba. Mama alipika wali wa nazi katika sufuria kubwa, akaupalia makaa juu ya kifuniko, akatoka kwenda dukani kununua bizari. Aliniambia, "Utazame wali, mwanangu. Ukikauka, ondoa makaa."

Nilikaa nao kidogo. Kisha nikasikia wenzangu wanacheza mdako nyuma ya nyumba, mchezo wa kukaa chini ambao mguu mmoja haukupunguzii kitu, na wakati ule hakuna aliyekuwa ananiweza. Nikasema narusha kokoto mara mbili tu. Nilikuwa nashinda. Nilikuwa nashinda vibaya sana.

Harufu ndiyo iliyonishtua, na kabla sijapata magongo yangu nikasikia mfuniko umetupwa chini.

"Mwanahawaaa!"

Wenzangu wote walitawanyika kama kuku waliorushiwa jiwe. Nikaja uani nikichechemea. Mama amesimama juu ya sufuria, moshi unamzunguka, mwiko mkononi.

"Ulikuwa wapi? Nakuuliza, ulikuwa wapi? Mchele wa watu, tui la nazi tatu, wageni wako njiani, wewe uko kwenye kokoto! Mtoto gani huna akili? Mkubwa mzima! Hivi ndivyo utakavyofanya kwenye nyumba ya mume? Mama mkwe anakwambia tazama wali, wewe unakwenda kucheza mdako? Watakurudisha kwangu hao! Watakuleta na mkeka wako asubuhi, waniambie mwanao huyu hakufunzwa, na mie niseme nini? Eti? Utazaa watoto uwalishe ukoko?"

Majirani walikuwa wameshajaa uani kwao. Mtaa wa pili walikuwa wanasikia. Babu alikuwa ameinuka barazani, amesimama mlangoni, hajavaa hata viatu. Mama aliendelea, akapita kwa mume, akapita kwa mawifi, akafika kwa wajukuu wake ambao watakua na njaa kwa sababu ya uvivu wangu. Kisha akasita. Mwiko ukabaki juu. Nadhani ndipo alipojisikia mwenyewe ananitajia mume na wajukuu.

Tulitazamana. Midomo yake ikaanza kutetemeka, nami nikaogopa kwamba ile sauti laini itarudi.

"Unanitazama nini?" akasema. "Chukua makumbi ya nazi na mchanga, usugue sufuria hilo mpaka nione uso wangu!"

Niliketi chini, nikaweka magongo pembeni, nikasugua kwa mikono yote miwili, machozi na kamasi vikinitiririka, na sikumbuki kama niliwahi kuwa na furaha kubwa zaidi ya ile. Mama alikuwa ameshaanza kupika wali mwingine, bado anagomba.